Kangaga la Kivuli na Dume la Baba Mkubwa

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu watu walikula wakashiba wakabeba. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi. Vumbi la barabara ya Shinyalu lilikuwa limepanda mpaka juu ya majani ya chai. Wapiga isukuti walikuwa wameshaingia uani kwa baba yangu mkubwa, ngoma kwapani, filimbi mdomoni, wakimngoja dume wetu atolewe zizini aende uwanjani kupigana. Watu wote walitazama pembe zake. Mimi nilitazama bega lake. Nzi mkubwa wa ng'ombe, pange, alikuwa amemuuma hapo, na damu ilikuwa ikiteremka kama uzi mwembamba, na uzi huo haukuwa unakatika.

Ngoja nikupeleke polepole, maana ukiruka hapa hutaelewa kwa nini nakukataza kuokota kangaga lolote unaloliona njiani.

Mimi shule niliiachia darasa la tano. Sisemi hivyo ili unihurumie. Huruma yako kaa nayo. Leo ukitoka Shinyalu ukishika njia ya Isecheno utaona kitalu chenye paa la neti nyeusi kimeteremka mpaka mtoni. Ni changu. Ile nyumba ya vigae juu yake ni yangu, na pikapu iliyoegeshwa mbele haikuachwa na mgeni. Hoteli zikitaka makangaga ya kupanda kwenye vijia vyao vyenye kivuli zinatuma gari hapa, na gari likikuta nimelala linangoja niamke. Sikurithi. Sikusaidiwa na mwanasiasa. Nilianza na sufuria moja iliyotoboka.

Kangaga, kama hulijui kwa jina, ni ule mmea usiotoa ua wala tunda, wenye majani yaliyochanika kama unyoya, na jani lake changa hutoka ardhini limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Watu wengi wakiona unyoya huo wanasema basi, kangaga ni kangaga. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea gunia zima kwa bodaboda, jasho likimtoka, akiamini ameniletea mali. Nilimwonyesha mahali pa kuyatupa, na nikamwambia ayatupe mbali na ng'ombe. Alinuna. Nikasema moyoni, huyu hajasimama uani kwa baba mkubwa asubuhi ile. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwetu, katika mlango wetu wa ukoo, dume hatoki kwenda kupigana akiwa shingo tupu. Anavishwa shada la kangaga la kivuli. Hilo ndilo linalomea ndani ya msitu, kwenye mabonde yenye unyevu chini ya miti mikubwa. Kiangazi kikija nyasi zinageuka rangi ya mkate, lenyewe linabaki kijani. Jani la mwaka jana linakuwa bado liko wakati jani jipya linakunjuka. Mtu akifika uwanjani na dume mwenye shada bichi wakati dunia nzima imekauka, watu wanajua huyu ni mtu aliyejipanga.

Lakini msitu una wenyewe. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi ni kesi, na ilikuwa kesi hata wakati huo. Kukhu wangu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, hakutaka mjukuu wake afungwe kwa sababu ya shada. Kwa hiyo alianza kuyaotesha mwenyewe nyuma ya jiko lake, kwenye ukingo wa kijito ambako jua haligusi. Mimi nililelewa kwenye jiko hilo baada ya baba yangu mzazi kufariki. Nilijua makangaga yale kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na viatu nilivipata nimechelewa.

Kukhu alinifundisha kwa kugeuza jani. "Uso wa jani unadanganya," alikuwa akisema, "mgongo hauwezi." Mgongoni mwa kangaga la kivuli utakuta vidoa vya mviringo vimepangwa safu mbili katika kila kipande kidogo cha jani, na kila kidoa kimefunikwa na kifuniko chembamba chenye umbo la figo, au la harage ukipenda. Shina la jani karibu na ardhi lina magamba ya kahawia, makavu, kama ndevu za mzee asiyenyoa. Na majani yote hutoka katika kichwa kimoja, yakazunguka kama watu wanaokula sinia moja.

Lipo lingine, kangaga la jua. Hilo humea mlimani palipofyekwa au kuchomwa moto, mahali ambapo mtu ameacha shamba. Halina kichwa. Kila jani linatoka peke yake, hapa na pale, kwa sababu mzizi unatambaa chini ya ardhi kama mwizi. Ukigeuza jani lake huoni vidoa. Utaona ukingo umekunjwa ndani kama pindo la sketi, na mbegu zimejificha humo kwenye pindo. Kiangazi kikali kinalifanya kuwa jekundu na kufa juu, ingawa machanga hayaachi kuchipua chini. Hilo ndilo lililomaliza ndama nyumbani kwa kina Kukhu alipokuwa msichana, mwaka mmoja ambao nyasi zilikosekana. Alinieleza walivyokufa. Walitoka damu mahali ambapo nzi alikuwa amekaa tu.

Sasa turudi kwa dume. Jina lake aliitwa Tingatinga. Alikuwa mweusi, nundu kama gunia, na baba mkubwa alimpenda hadharani kuliko alivyotupenda sisi. Kiangazi hicho aliamua asimwachie malishoni. Alimfungia zizini anone, apumzike, asije akajikwaa kabla ya siku yake. Mlezi wa dume alikuwa Shikuku, kijana wa kuajiriwa, mcheshi, mwenye mikono isiyochoka na kichwa kisichouliza. Mimi wakati huo sikuwepo. Nilikuwa nimeenda upande wa Mumias kukata miwa, kwa maana mtu mwenye nguvu hakai nyumbani akihesabu kuku.

Shikuku alitaka majani ya kumtandikia dume. Alikwenda kwa Kukhu akaomba akate yale ya nyuma ya jiko. Kukhu akakataa kabisa. Aliyokuwa nayo kiangazi hicho yalikuwa mapya, bado machanga, na jani la mmea mchanga ndilo linaloulisha. Ukilikata unaunyima chakula. Shikuku hakubishana. Alipanda mlimani kwenye shamba lililoachwa, akakuta kangaga limejaa bure kama baraka, akabeba mzigo kwa mgongo. Kesho yake tena. Wiki zikapita hivyo. Kukhu hakujua, kwa sababu miguu yake ilikuwa haipandi tena mpaka zizini.

Nilirudi Ijumaa jioni nikalala kama gogo. Asubuhi niliamshwa na ngoma.

Basi niko pale kwenye bega la dume. Nikafuta damu kwa kidole. Ikatoka tena. Nikaangalia mguu wa nyuma: pange mwingine, uzi mwingine. Nikainama kwenye matandiko, nikaokota jani, nikaligeuza. Pindo. Hakuna vidoa. Mwanangu, lilikuwa kangaga la jua.

"Shikuku," nikamwita, "haya majani umeyatoa wapi?"

"Si ni kangaga? Nyinyi si ndio watu wa kangaga?" Akacheka. "Nimemtandikia kitanda kama cha bwana harusi. Anakipenda sana hiki kitanda. Mpaka anakila."

"Anakila?"

"Zile changa, zilizojikunja. Anachagua moja moja, kama mgeni wa hoteli. Nyasi si zimeisha?"

Sikungoja amalize. Baba mkubwa alikuwa mbele ya nyumba amevaa koti lake la mvua siku isiyo na wingu, kwa sababu lilikuwa koti la sherehe. Mkononi ana fimbo. Nikamwambia mbele ya watu wote, kwa sauti yangu hii unayoijua ilivyo kubwa: "Baba, dume huyu asiende!"

Ngoma moja ikanyamaza. Nyingine zikaendelea.

"Unasemaje?"

"Amekula kangaga la jua wiki baada ya wiki. Damu yake haigandi. Akitobolewa na pembe moja tu hatarudi nyumbani."

Baba mkubwa alinitazama kuanzia miguuni. "Wewe umetoka jana kwenye miwa, bado una masizi shingoni, leo unanipangia dume?"

Hapo mtu mmoja katikati ya wapiga ngoma akamwita baba mkubwa kwa jina lake: "Luvisia! Huyu kijana ametumwa na watu wa ng'ambo ya mto! Mpekueni mfukoni, mtakuta andazi lao!"

Watu wote uani walicheka. Nami nikaona uso wa baba mkubwa ukifunga, kama mlango unaofungwa kwa komeo.

Lazima ujue kilichokuwa kwenye mizani. Kwetu mtu aliyetoa ahadi ya dume na asitokee uwanjani anatungiwa wimbo. Si wimbo wa siku moja. Mwenzake mmoja aliwahi kuimbwa mpaka watoto wake wakawa wanaimbiwa sokoni wakienda kununua chumvi. Baba mkubwa alikuwa ameahidi, na watu wa ng'ambo ya mto walikuwa tayari barabarani na dume lao. Upande mmoja jina lake, upande mwingine uhai wa Tingatinga. Na uhai huo yeye alikuwa hauoni hatarini, kwa sababu alimwona mnyama mnene, mweusi, anayepumua.

"Leteni shada," akasema. "Tunaondoka."

Na shada lenyewe alilolisuka Shikuku lilikuwa la kangaga la mlimani. Walikuwa wanamvika dume kile kile kilichokuwa kinamuua.

Nilikimbia kuteremka mpaka jikoni kwa Kukhu. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda anachambua mboga. Nikamweleza kwa pumzi moja. Hakushangaa kwa sauti. Aliweka ungo chini, akasema, "Nenda nyuma, kata jani moja la kwetu. Lile kubwa kuliko yote."

"Ulisema yasikatwe."

"Nilisema. Leo kata."

Nikakata. Akashika bega langu, akashika na fimbo yake, tukaanza kupanda. Mwanangu, mimi nimebeba magunia ya mbolea, nimebeba miwa, nimebeba hata mashine ya kusaga, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama mwendo wa kikongwe yule asubuhi ile. Hatua, pumzi. Hatua, pumzi. Juu tunasikia filimbi zinapanda, tunasikia Shikuku anaimba sifa za dume, na ngoma zinabadilika kutoka mpigo wa kungoja kwenda mpigo wa kutembea. Nilitaka kumbeba mgongoni. Akanipiga fimbo mguuni. "Nitafika na miguu yangu. Nikifika nimebebwa hawatanisikiliza."

Tulifika wakati msafara umekaribia lango. Tingatinga yuko katikati, shada shingoni, na sasa hata wewe usiyejua ungeona: puani kulikuwa na wekundu. Kukhu hakupiga kelele. Alitembea mpaka katikati ya lango akaketi chini. Chini, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele.

Ngoma zilivurugika. Kwetu hakuna mwana anayemruka mama yake aliyeketi. Hata mlevi hafanyi hivyo.

"Mama," baba mkubwa akasema, akijaribu kucheka, "unaniaibisha mbele ya watu."

"Aibu hiyo tutaila pamoja, ina nyama ya kutosha. Njoo, Luvisia. Nikuonyeshe kitu, kisha uende."

Akaja, akachuchumaa. Kukhu akachukua jani la kwetu, akaligeuza. "Soma hapa. Vidoa?" Akavua jani moja kutoka kwenye shada, akaligeuza pia. "Na hapa?"

"Mama, jani ni jani."

"Na damu nayo ni damu?" Akaonyesha bega la dume kwa fimbo. "Shikuku, lete mnyama karibu. Usiogope, sitamroga." Watu wakacheka kidogo, kicheko kikafa. "Luvisia, weka kidole gumba chako pale anapotoka damu. Chako wewe, si cha Lihanda, si cha Shikuku. Bonyeza. Ukikitoa na damu imesimama, mimi mwenyewe nitainuka hapa, nitaimba mbele yako mpaka uwanjani, na miguu hii. Isiposimama, rudisha dume zizini."

Lihanda ni mimi. Nilisimama pale sina la kufanya na mikono yangu.

Baba mkubwa aliinuka akaweka kidole. Wapiga ngoma waliendelea kupiga, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache, na nafikiri waliona huu ni mchezo mzuri wa kuongezea sherehe. Alibonyeza kwa muda mrefu. Nzi walikuja, akawafukuza kwa mkono mwingine. Dume lilisimama kimya, na ukimya huo ulikuwa mbaya, kwa maana Tingatinga siku zote akisikia isukuti alikuwa anachimba ardhi. Baba mkubwa akatoa kidole.

Uzi ukateremka.

Akapangusa kidole kwenye koti la sherehe, akakirudisha palepale. Hakuambiwa na mtu. Safari hii alifumba macho. Ngoma ya mbali ikanyamaza, halafu iliyo karibu nayo. Kutoka barabarani tukaanza kusikia wengine, watu wa ng'ambo ya mto, wanakuja na wimbo wao, na tukajua wakipita hapa watatuona. Mtu mmoja akanong'ona, "Luvisia, twende bwana, wanafika." Akatoa kidole.

Uzi ukateremka tena, na ukafuata njia ileile, kama maji yaliyokwisha kujua mfereji.

Alisimama hapo akitazama. Kisha alinyoosha mikono yote miwili, akalivua shada kutoka shingo ya dume, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo ya shule. "Ndugu zangu," akawaambia wapiga ngoma, bila kugeuka, "ingieni ndani mnywe chai."

Wale wa ng'ambo walipita wakati huohuo. Walimwona dume anarudishwa nyuma na kikongwe ameketi langoni, na hapo hapo wakatunga: "Dume la Luvisia lina mimba! Leteni mkunga!" Waliimba mpaka wakapotea kwenye kona. Shikuku alitaka kuokota jiwe. Baba mkubwa akamshika mkono. "Wacha waimbe," akasema. "Maneno hayamtoboi ng'ombe."

Ndipo Kukhu alipomsema, na bado ameketi chini. Hakumtukana. "Mwanangu, una macho ya kuona pembe za ng'ombe wa jirani kutoka ng'ambo ya mto, na huoni anachokula ng'ombe wako ndani ya zizi lako. Ulimwachia mtu mwingine tumbo la mnyama, wewe ukajishikia sifa zake. Anayetaka sifa za kitu na aanzie kukijua kinapolala." Baba mkubwa, mtu mzima mwenye wajukuu, alijibu, "Ndiyo, Mama," akamwinua.

Kisha Kukhu akanigeukia mimi, niliyekuwa nikingoja kusifiwa. "Na wewe, mdomo wako ulitangulia ngoma. Ungemwekea jani mkononi ukanong'ona, tungekuwa tumemaliza zamani." Sikupenda kuambiwa hivyo. Mpaka leo sipendi. Niliona jambo ambalo watu wote uani hawakuliona, na hilo hakuna atakayeniondolea. Lakini nimelitumia neno lake katika biashara, nalo limenilipa.

Zikafuata siku mbaya. Daktari wa mifugo alikuja, akasikiliza, akasema mnyama asisumbuliwe, asichomwe sindano ovyo kwa kuwa hata tundu la sindano litavuja, apewe nyasi safi na maji, na tuombe. Hakuficha kwamba wengi hawaponi. Tulifagia zizi mpaka udongo ukaonekana. Mimi na Shikuku tulikwenda kukata nyasi kwenye kinamasi, na Shikuku aligeuza kila jani kabla ya kulifunga, hata majani ya mahindi, mpaka nikamwambia, "Hayo ni mahindi, ndugu." Akasema, "Wewe wacha tu." Hakuwa anacheka tena.

Dume alipata homa. Kinyesi kilitoka na damu. Baba mkubwa alihamishia kiti chake zizini, akawa analetewa obusuma, ugali wetu, hapo hapo, anakula huku anafukuza nzi kwa tawi. Aliacha kwenda sokoni, kwa sababu sokoni kulikuwa na wimbo. Wageni wakija kumtania anawakaribisha waketi, waone. Wengi waliona haya wakaondoka.

Sitakudanganya kwamba nilijua atapona. Kila asubuhi nilipopanda kule nilitega sikio kwanza, nisikie kama kuna pumzi.

Siku moja nikiwa bado mbali baba mkubwa akaniita. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nilijua basi, imekwisha. Niliingia zizini nikamkuta amesimama kando ya bega la dume, kidole gumba kimenyooshwa, hakigusi.

"Lihanda. Gusa hapa wewe. Mimi sijiamini."

Nikagusa. Pange alikuwa amemuuma asubuhi hiyohiyo, na kidonda kilikuwa kimefunga, kigaga kidogo, kikavu, kigumu kama punje ya mtama.

"Kimekauka, Baba."

"Sema tena."

"Kimekauka."

Aliketi chini kwenye matope na koti lake, akashika mguu wa dume, na mabega yake yakatikisika. Nilitoka nje nikatazama mashamba ya chai ya watu.

Dume alikonda, akachukua muda mrefu kurudi katika mwili wake. Alipigana tena kiangazi kingine, na nikwambie ukweli, alishindwa vibaya. Alikimbia akapita katikati ya mahindi ya mtu. Baba mkubwa alicheka kuliko watu wote uwanjani. Wimbo ulikufa siku hiyo, maana huwezi kumwimba mtu anayecheka nawe.

Na siku ile kigaga kilipokauka, kabla jua halijatua, baba mkubwa alinipeleka mtoni akanionyesha kipande kile cha kivuli chini ya shamba lake. "Panda lile la Mama. Panda mengi, mtu asipate sababu ya kwenda mlimani." Ndipo nilipoanza. Kwenye kipande hicho ndipo kitalu kimesimama leo.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa natoa vitu ambavyo wengine wananiomba nami ninakohoa tu.

Chukua jani la kangaga la kivuli ambalo vidoa vyake vimekuwa kahawia, havijawa vyeusi vikavu. Lilaze kifudifudi juu ya karatasi safi, mahali pasipo na upepo. Vumbi la kahawia litaanguka. Hizo ndizo mbegu. Chukua udongo wa majani yaliyooza, uumwagie maji yanayochemka, vinginevyo kuvu na magugu vitakula kila kitu. Ukipoa, nyunyiza vumbi hilo kama chumvi kwenye mboga ya mgonjwa: kidogo. Funika na nailoni nyeupe, weka kwenye kivuli, na usifunuefunue. Utaona ngozi ya kijani, bapa, imelala juu ya udongo. Watu wengi wanadhani ni uchafu, wanaikwangua. Vijana wengi wamekwangua utajiri wao hapo. Ingoje. Iweke na unyevu, kwa kuwa bila maji haizai. Kutoka kwenye ngozi hiyo ndipo jani la kwanza litasimama, dogo kama ukucha, na utangoja tena, mwaka na zaidi, kabla ya kuhamisha. Ukihamisha, kichwa kibaki juu ya udongo, ukikizika kitaoza. Mbolea ya dukani weka mbali. Jua la mchana weka mbali. Na ingawa hilo ni kangaga zuri, si chakula cha ng'ombe hata kidogo. Lipande nje ya zizi, mdomo usikofika.

Nasaha yangu ni hii. Geuza jani kabla ya kuliamini, liwe la mmea, la mtu, au la neno ulilopewa. Kitu chako usikiachie mkono wa mwingine halafu ukangoja kusifiwa. Ukiona hatari ambayo wenzako hawaioni, nenda karibu, sema polepole, mpe mtu nafasi ya kurudi nyuma bila kuanguka. Na usikubali ngoma ikuchagulie saa ya kuondoka. Baba mkubwa alipoteza asubuhi moja na wimbo mmoja. Angeondoka na ngoma, angerudi na kamba tupu.

Mwenyezi Mungu akupe kivuli kisichohama, maji yasiyokatika miguuni pako, na subira ya kungoja kilicho kidogo kama ukucha mpaka kijae mikono. Watoto wako wasimame juu yako wakiwa kijani wakati wengine wamekauka. Na siku utakapokosea, usikose mtu wa kuketi langoni kwako. Mulembe, amani iwe nawe, mwanangu.